Uyoga wa nyumbani: kusoma mfuko ulioingiwa na ukungu

Mfuko wa uyoga ukiingiwa na ukungu, swali linalokuja upesi ni la dawa: nipulizie nini? Hakuna cha kupulizia. Uyoga wenyewe ni kuvu, na dawa inayoua kuvu wa kijani ama itaua na uyoga wako, ama itabaki kwenye kitu utakachokula. Kinachosaidia ni kujua uchafu uliingia saa ngapi ya kazi: wakati wa kuchemsha, wakati wa kupanda, au baadaye mifuko ikiwa imeshatulia chumbani. Hilo mfuko wenyewe hulisema ukiuangalia vizuri, maana nailoni inaonyesha ndani.

Maelezo haya ni ya uyoga mamama, ndio unaolimwa majumbani zaidi kwa sababu haudekezwi. Chakula chake, yaani mabua ya mpunga, maganda ya mbegu za pamba, magunzi, nyasi kavu au majani makavu ya migomba, humu nakiita vimeng'enywa, kama walivyozoea kukiita wakulima.

## Kwanza: umeanzia wapi, na siku ya ngapi?

Chukua mfuko ulioharibika, usiufungue, uupeleke kwenye mwanga. Angalia mahali doa lilipoanzia, si mahali lilipofika.

- Madoa yametapakaa mfuko mzima ndani ya siku 3 hadi 7: vimeng'enywa havikuiva.
- Doa limezunguka punje za mbegu (mtama uliofunikwa na weupe wa uyoga), kwingine kusafi: mbegu zilikuja na ugonjwa.
- Limeanzia mdomoni, kwenye pamba au kwenye tundu: limeingia wakati wa kupanda au baada ya kufunga.
- Limeanzia kitakoni, na chini kuna maji ya rangi ya chai: maji yalizidi.
- Limeanzia ubavuni kwenye mstari au nukta moja: mfuko umetobolewa na bua, panya au ukucha.
- Limetokea baada ya mchumo wa pili au wa tatu: mfuko umezeeka. Usihangaike nao, utoe nje.

Kama mifuko yote ya pipa moja la kuchemshia imeharibika na ya pipa la pili ni mizima, kosa liko kwenye moto na muda. Kama iliyoharibika ni ile tu uliyopanda kwa chupa fulani ya mbegu, umeshampata mchawi. Kwa sababu hiyo andika tarehe, namba ya pipa na chupa ya mbegu kwenye kila mfuko kwa kalamu ya wino mzito. Bila maandishi hayo utabaki kulaumu hali ya hewa.

## Yasiyo ugonjwa

Mifuko mingi mizima hutupwa bure. Matone ya njano au ya kahawia yanayokusanyika kati ya nailoni na utando, yaani ule weupe wa uyoga unaotambaa ndani ya mfuko, ni jasho la uyoga wenyewe; yakiwa kidogo, yaache. Manyoya meupe kwenye shina la uyoga ni utando uleule unaoendelea kukua kwa kuwa kuna unyevu. Mashina marefu yenye vikofia vidogo kama vifungo vya shati maana yake hewa nzito imejaa chumbani, kwa hiyo fungua madirisha. Vikofia vilivyopasuka kingo vimekosa unyevu.

Unga mweupe unaodondoka kwenye rafu chini ya uyoga uliokomaa ni vijimbegu vyake. Si ukungu, ila si wa kuuvuta puani pia, nitaurudia mwishoni.

## «Mfuko ulikuwa mweupe, umegeuka kijani»

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mhusika mara nyingi ni kuvu aitwaye Trichoderma. Hadaa yake ni kwamba siku za mwanzo naye ni mweupe. Mtu anafurahi mbegu zimetambaa haraka, kumbe anayetambaa ni mwingine. Utando wa mamama ni mweupe wa kushikana, unatoka kwenye punje ya mbegu na kwenda nje kidogokidogo, na harufu yake ni ya uyoga mbichi. Trichoderma huanza kama vumbi la pamba lisiloshikana, halafu siku mbili tatu baadaye katikati yake panakuwa kijani kibichi, kisha kijani cha chupa.

Sababu, kuanzia inayoonekana zaidi:

Vimeng'enywa havikuiva. Jiulize ulianza kuhesabu saa wapi. Wengi huhesabu tangu kuwasha moto. Muda unaanza pale mvuke unapotoka kwa nguvu juu ya pipa, si kabla. Mifuko iliyoshindiliwa kwenye pipa la lita 200 inahitaji saa 3 hadi 4 za mvuke usiokatika, kwa sababu joto linachelewa kufika katikati ya mfuko. Ukichemsha mabua yaliyozama ndani ya maji kabla ya kuyapakia mifukoni, saa moja hadi moja na nusu kwenye joto lisilopungua nyuzi 80 inatosha, ila hakikisha yamezama kweli; mabua huelea, na yanayoelea ndiyo yatakayokuharibia kazi. Yakandamize kwa jiwe safi.

Walio nyanda za juu waongeze muda. Mbeya, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94, si 100. Muda wa mkulima wa Kibaha hauhamii Njombe kama ulivyo.

Kipimo rahisi: mara tu baada ya kuipua, choma kipimajoto cha jikoni katikati ya mfuko mmoja wa kati ya pipa, si wa juu wala wa pembeni. (Huo mmoja uutoe kafara, usiupande.) Kama hapafiki nyuzi 80, dawa yako ni kuni zaidi au mifuko midogo zaidi, na iachiane nafasi ya vidole viwili ili mvuke upite.

Maji yalizidi. Baada ya kuchemsha, chukua konzi ya vimeng'enywa ukamue kwa nguvu zako zote. Yanapodondoka matone mawili matatu, ni sawa. Yakitiririka, tandaza kwenye turubai safi kivulini na usubiri. Yasipotoka kabisa na kiganja kikabaki kikavu, ongeza maji yaliyochemshwa. Unyevu unaotakiwa ni kama asilimia 60 hadi 65, na kiganja huupima vizuri kuliko watu wanavyodhani. Haraka ya kupanda siku ileile ndiyo huleta mifuko yenye bwawa kitakoni.

Joto la chumba. Hapa watu wa pwani wanisikilize. Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 kivulini, na chini ya bati lisilo na dari ni zaidi ya hapo. Utando unapokula vimeng'enywa hutoa joto lake mwenyewe, kwa hiyo katikati ya mfuko huwa na nyuzi kadhaa kuzidi chumba. Mamama hutambaa vizuri kati ya nyuzi 20 na 28. Ukivuka 30 unaanza kuchoka, na Trichoderma hupata nafasi. Ingiza kipimajoto kati ya mifuko miwili iliyogusana saa nane mchana ndipo utajua ukweli wa chumba chako. Kupanga mifuko kama magunia ya mkaa ni kuipika. Ipange safu moja, iachiane. Ezeka makuti au nyasi juu ya bati, weka dari hata ya magunia, na mimina maji sakafuni mchana. Ikishindikana, usipande miezi hiyo. Subiri kipupwe.

Pumba nyingi. Pumba za mpunga au za mahindi huongeza mavuno, ni kweli, lakini ni karamu kwa kila kuvu. Aliyechemsha kwenye maji ya moto au kuloweka kwenye chokaa asiweke pumba kabisa. Anayetumia mvuke wa saa nyingi asivuke asilimia 5 mpaka atakapokuwa na mizunguko kadhaa safi.

Mbegu kidogo au zilizochoka. Kubana matumizi ya mbegu ni hasara inayojificha. Kwa mfuko wa kilo 5 za vimeng'enywa vilivyolowa weka gramu 150 hadi 250. Mbegu zikiwa nyingi, utando unaziba mfuko mapema na mgeni anakuta nyumba imejaa.

Mikono, upepo na mazungumzo. Ndicho kitu cha kwanza watu hukitaja, nami nakiweka mwisho. Ni kweli uchafu unaweza kuingia wakati wa kupanda, ila ukiingia hapo madoa huwa machache na huwa karibu na mdomo. Panda asubuhi mapema kabla upepo haujaanza, kwenye chumba kilichofungwa, feni imezimwa, umeoga na kuvaa nguo safi, barakoa usoni. Vimeng'enywa viwe vimepoa chini ya nyuzi 30. Vya moto huua mbegu. Lakini visipoe kwa kulala wazi usiku kucha. Vipoe vikiwa vimefunikwa.

Na huo mfuko wa kijani ufanyeje? Kama doa ni la ukubwa wa sarafu na sehemu kubwa imeshajaa utando mweupe, utenge kwenye chumba kingine chenye ubaridi na usiufungue. Mara nyingine utando hulizungushia doa ukuta na kulipita, na utachuma mavuno pungufu. Kama kijani kimeshika robo ya mfuko au zaidi, utoe leo. Ufunge ndani ya mfuko mwingine ukiwa palepale ulipo, usiutikise, uupeleke nje upande ambao upepo unatoka chumbani na si unaoingia, ukachimbie vimeng'enywa. Usiukate ndani ya banda kwa udadisi. Doa moja la kijani likifumuliwa hutoa vumbi lisilohesabika.

## «Mbegu hazitambai, na mfuko unanuka»

Pua ndiyo kipimo hapa. Harufu ya togwa lililochacha au ya yai bovu, pamoja na ute unaoteleza, ni bakteria. Wanapenda palipo na maji mengi na hewa kidogo, kwa hiyo anza na kitako cha mfuko: maji yametuama? Toboa vitundu viwili vitatu chini kwa sindano iliyochovywa kwenye spiriti, maji yachuruzike. Mfuko ambao haujaharibika sana hupona hivi.

Kama maji hayajatuama, rudi kwenye mbegu. Shika chupa ya mbegu zilizobaki. Mbegu nzuri ni punje za mtama zilizofunikwa weupe pande zote, ukitikisa zinaachana. Zenye punje zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, au zilizokwama kioo kwa ute, au zinazotoa harufu ya uchachu, hazifai hata kama muuzaji anakuapia. Nunua mbegu kwa mtu anayekuonyesha tarehe ya kutengenezwa, na uzisafirishe kama unavyosafirisha maziwa. Chupa iliyokaa kwenye basi juani kutoka Morogoro hadi Tanga hufika imekufa ingawa bado ni nyeupe.

Kuna wanaoharibikiwa kwa sababu walipanda vimeng'enywa vikiwa vya moto. Hapo hakuna harufu mwanzoni, punje zinabaki zilivyo kwa wiki, kisha ukungu wa rangi zote unaingia. Hakuna tiba.

Wanaojitengenezea mbegu nyumbani wajue kuwa kuchemsha kwa kawaida hakuui vijimbegu vya bakteria walio kwenye nafaka. Vinavumilia maji yanayochemka. Nafaka zinahitaji nyuzi 121 kwenye sufuria ya presha ya ratili 15, dakika 90 au zaidi. Lowesha mtama saa 12 hadi 24 kwanza, ili vijimbegu viamke na kuwa rahisi kuuawa. Bila sufuria ya presha, kwa maoni yangu, nunua mbegu. Fedha utakayookoa kwa kutengeneza mwenyewe utailipa kwenye mifuko.

Onyo. Usifungue sufuria ya presha kabla haijashuka yenyewe. Pipa la mvuke nalo lisikazwe mfuniko. Lifunike kwa gunia na nailoni iliyofungwa kwa kamba, iachwe tundu la mvuke kupumua. Pipa lililozibwa kabisa juu ya moto linaweza kupasuka. Na usichemshe kwa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa: gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, na huua mtu akiwa amelala.

## «Nyeusi kama masizi»

Ukungu mweusi ni wa aina mbili kwa macho ya kawaida. Wenye nywele ndefu za kijivu na vichwa vyeusi kama vya pini ni uleule wa mkate uliochina. Umekuja na vimeng'enywa vibichi au sukari nyingi, na mara nyingi hauzidi nguvu utando imara. Wa unga mweusi uliolala, au wa kijani cha manjano, unaweza kuwa jamii ya Aspergillus, nao si wa kuchezea.

Sababu ya kwanza ni malighafi yenyewe. Mabua yaliyonyeshewa shambani yakakauka yakanyeshewa tena, magunzi yaliyolala stoo tangu msimu uliopita, maganda ya pamba yaliyochemka kwenye gunia: haya yote yanakuja nyumbani kwako yamejaa ukungu kabla hujafanya lolote. Vunja bua. Liwe na rangi ya dhahabu, likatike kwa mlio, lisitoe vumbi wala harufu ya chumba kilichofungwa. Vimeng'enywa vikavu vikae juu ya kichanja, pasipovuja.

Usiokoe mahindi au karanga zilizoota ukungu kwa kuzigeuza chakula cha uyoga. Baadhi ya Aspergillus hutengeneza sumukuvu, ambayo haimalizwi kwa kuchemsha. Mashariki mwa Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara zikapata msiba wa namna hiyo. Mazao ya namna hiyo yachimbiwe, yasipewe hata kuku.

## «Unga wa rangi ya chungwa umefumuka mdomoni mwa mfuko»

Acha unachofanya. Huyu ni Neurospora, na anakwenda kasi kuliko wote: jioni mfuko mmoja, keshokutwa rafu nzima. Hupenda magunzi ya mahindi kuliko kitu kingine, na baadhi ya vijimbegu vyake huamshwa na joto, badala ya kufa, moto ukiwa hafifu. Ndiyo maana anawatokea watu walioapa kwamba wamechemsha.

Loweka kitambaa kwenye maji ya jiki, kifunike juu ya ule unga kabla ya kugusa kitu kingine, uvae barakoa, kisha uvishe mfuko mzima ndani ya mfuko mwingine na uutoe. Usipulizie kwa nguvu, unga utaruka. Mifuko ya jirani ikague asubuhi na jioni. Halafu tafuta chanzo: pamba iliyolowa ndiyo njia yake kuu. Pamba ya hospitali hunyonya maji, kwa hiyo haifai kuziba mdomo wa mfuko. Tumia pamba mbichi ya shambani au ya godoro, na ifunike kwa karatasi wakati wa mvuke ili matone ya mfuniko yasiiloweshe. Ikilowa, ibadilishe siku hiyohiyo kabla ya kupanda.

Ikikutokea mara mbili mfululizo kwa magunzi, achana na magunzi. Mabua ya mpunga yapo.

## «Umeota uyoga ambao sikuupanda»

Vikofia vya kijivu vyembamba, shina refu jeupe, asubuhi vimesimama na jioni vimeyeyuka kuwa wino mweusi. Vinaletwa na vimeng'enywa vilivyolowa sana, au vyenye samadi au mbolea ya naitrojeni, au ambavyo havikuiva. Uvute, uutupe, punguza maji; mamama anaweza kuendelea.

Usile. Si huo tu: uyoga wowote uliotoka kwenye mfuko wako ambao haufanani na ule uliopanda, hata mmoja, usiingie jikoni. Kijiko cha fedha, kitunguu saumu, au kwamba wadudu wameula, hakuna kipimo kati ya hivi kinachoonyesha sumu. Mtu akishakula, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na ubebe mabaki, hata kama hajisikii vibaya. Sumu zilizo mbaya zaidi za uyoga huanza kuonyesha dalili baada ya saa 6 au zaidi, ini likiwa tayari limeshaguswa.

## «Vinzi vidogo vimejaa, na funza ndani ya mashina»

Funza wa nzi hawa hula utando, lakini hasara kubwa ni mizigo ambayo nzi wenyewe hubeba miguuni: vijimbegu vya ukungu na utitiri kutoka mfuko mbovu hadi mzima. Kwa hiyo anayeona nzi wengi leo ataona kijani wiki ijayo.

Tafuta kwanza mfuko uliooza uliosahauliwa nyuma, kisha mashina yaliyobaki baada ya kuchuma, kisha jalala au zizi lililo karibu na mlango. Vitoe hivyo kabla ya kununua chochote. Halafu wavu: chandarua cha mbu hakitoshi, vinzi hupita kwenye matundu yake, hivyo tumia wavu wa matundu madogo zaidi au pandisha chandarua tabaka mbili zilizopishana. Vipande vya plastiki ya njano vilivyopakwa grisi au mafuta mazito, vikining'inizwa karibu na taa, hunasa wengi.

Dawa ya wadudu ya kupuliza isiingie kwenye chumba ambamo uyoga umeshachomoza. Uyoga hauna ganda la kumenya.

## «Madoa ya kahawia juu ya kofia, mengine yanateleza»

Hili ni la bakteria, na mlango wake ni tone la maji lililokaa juu ya kofia bila kukauka. Mtu anamwagilia uyoga kama mchicha. Nyunyizia hewa, kuta na sakafu, si uyoga; kisha fungua dirisha ili kofia zikauke ndani ya saa mbili tatu. Maji ya kisima kilicho wazi yachemshe. Kofia zilizoguswa zichume uzitenge; zikiwa nyingi, zifukie.

Utando wa kijivu mwepesi kama wa buibui unaotambaa juu ya uyoga na kuufunika ndani ya siku moja una sababu hiyohiyo ya unyevu uliokosa hewa. Funika sehemu hiyo kwa karatasi ya choo iliyoloweshwa, mwagia chumvi juu, na ongeza hewa.

## Kuloweka kwenye chokaa: kwa nini wengine hufaulu na wengine la

Wasio na kuni hutumia chokaa: mabua yaliyokatwakatwa huloweshwa saa 12 hadi 18 kwenye maji yenye chokaa, kisha huchujwa na kupandwa bila moto. Njia hii inafanya kazi kwa sababu ukali wa maji hupanda hadi pH 12, kiwango ambacho ukungu mwingi haukivumilii.

Ikikugomea, angalia mfuko wa chokaa kabla ya kitu kingine. Inayotakiwa ni chokaa iliyozimwa, ile ya kupakia kuta. Chokaa ya kilimo, mawe yaliyosagwa ya kutibu udongo, haifikishi ukali huo hata ukijaza ndoo. Ya kupakia kuta nayo iwe mpya na kavu. Iliyokaa wazi hufa polepole kwa kunywa hewa. Gramu 5 hadi 10 kwa lita ya maji, koroga, na nyeupe iliyozama chini isikutishe. Kama una karatasi za kupimia pH, pima mwanzo na mwisho wa kuloweka. Ikishuka chini ya 11 mabua yamekula chokaa yote.

Chokaa hii inachoma ngozi na inaweza kupofusha. Glovu ndefu, miwani, watoto mbali. Ikiingia jichoni osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 na uende hospitali, usingoje ipoe yenyewe.

## Chumba kabla ya mzunguko mpya

Toa kila kitu, fagia ukiwa umelowesha sakafu, osha kwa sabuni, kisha paka maji ya jiki: sehemu moja ya jiki ya kawaida ya asilimia 3.5 kwa sehemu tisa za maji, ikae dakika 10. Sabuni lazima itangulie. Jiki juu ya uchafu ni hasara tu. Kuta za udongo zipakwe chokaa. Usichanganye jiki na siki, dawa ya choo ya tindikali wala kitu chenye amonia, gesi yake inaumiza mapafu. Spiriti ya mikono na visu iwe ya asilimia 70, ambayo huua vizuri kuliko ile kali ya asilimia 95 kwa kuwa haikauki upesi. Na ikauke kabla hujawasha kibiriti.

Mifuko mipya isilale chumba kimoja na ya zamani inayochumwa. Nyumba ikiwa ndogo, hudumia mipya asubuhi na ya zamani baadaye, usirudi nyuma siku hiyo.

## Wakati wa kuacha na kutafuta msaada

Kikohozi kikavu, kifua kubana, homa na baridi zinazokuja saa chache baada ya kutoka bandani na kupungua ukikaa mbali siku mbili tatu, si mafua. Vijimbegu vya uyoga na vya ukungu husababisha ugonjwa wa mapafu kwa wanaovivuta kila siku. Usirudi bandani, nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba unalima uyoga ndani, maana hatauliza. Mwenye pumu, mwenye kinga dhaifu au anayetumia dawa za kushusha kinga asiguse mifuko yenye ukungu kabisa. Wengine wavae barakoa na wachume kabla kofia hazijakunjuka na kuanza kumwaga unga.

Kwa upande wa kilimo: ikiwa zaidi ya nusu ya mifuko imeharibika mizunguko miwili mfululizo, na umebadilisha mbegu, umepima joto na umekamua kiganjani, usipande wa tatu. Peleka mfuko mmoja ambao haujafunguliwa, pamoja na mbegu zilizobaki na konzi ya vimeng'enywa vikavu, kwa afisa ugani au chuo cha kilimo kilicho karibu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kipo Morogoro, na kwa walio Kenya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kipo Juja. Vibebe vitu vitatu hivyo kila kimoja na mfuko wake, na yale maandishi ya tarehe na pipa. Mtaalamu akikuta kuvu yuleyule kwenye mbegu na kwenye mfuko, una haki ya kumrudia aliyekuuzia.